Gari Hupimwa Watu Wakiwa Ndani

Fundi alikataa kulipima gari likiwa tupu.

"Mnapanda Lushoto watu wangapi?" aliuliza.

Nikamwambia sita, pamoja na dereva.

"Basi waite wote sita waingie. Kila mtu akae pale atakapokaa siku ya safari. Mimi sipimi gari la maonyesho."

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile asubuhi, Tanga, chini ya mwembe wa gereji isiyo na kibao. Mama alikaa kiti cha kati, tasbihi mkononi. Shangazi zangu wawili walikaa kando yake, wakilalamika kuhusu joto. Mpwa wangu alipanda kiti cha nyuma kabisa. Dereva ningekuwa mimi, lakini fundi alitaka nimshikie tepu, kwa hiyo kijana wa duka la jirani, ambaye hakuwa hata na safari, aliketi nyuma ya usukani kwa sababu uzito wake ulikaribiana na wangu. Baba mdogo peke yake ndiye aliyekataa kuingia. Alisimama kivulini, mikono nyuma, akingoja jambo lishindikane ili arudie alichokuwa akikisema tangu tumalize msiba: gari liuzwe kwa kilo, tugawane fedha, tupumzike.

Fundi hakubishana naye. Alichukua mfuko wa saruji wa kilo 50 na dumu la maji, akaviweka mahali pa Baba mdogo.

*

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya familia, ile ndefu yenye safu 3 za viti. Baba aliinunua 1987, tayari imetumika, kutoka kwa mradi uliokuwa ukifungwa. Alituzungusha nayo shule, hospitali, harusi na mazishi. Mwaka jana tulimpandisha yeye mwenyewe Lushoto kwenda kuzikwa, gari la kukodi likiwa mbele na 504 ikifuata nyuma, ikivuta kushoto njia nzima.

Mwezi Februari nilipata fedha kidogo, nikaamua kumfanyia Baba jambo la heshima. Ningelirudisha gari lake kama lilivyotoka kiwandani. Nilinunua shokapu mbili za mbele, springi mbili, bushi za mikono ya chini na tairodi endi za pande zote. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na nembo ya Peugeot. Maboksi yalitoka nchi tatu tofauti, na yote yaliandikwa kwamba yanafaa 504. Nikalipeleka gari kwenye gereji moja ya kisasa. Vijana wakafunga vipuri vipya, wakaliweka kwenye mashine ya alaimenti, wakanipa karatasi yenye tarakimu za kijani. Mbili tu zilikuwa nyekundu. Waliniambia hizo hazirekebishiki kwa gari la aina hii, nisijali.

Kufika Juni, tairi zote mbili za mbele zilikuwa zimelika upande wa ndani. Moja ilionyesha waya. Baba mdogo alipitisha kidole pale palipolika, akasema kwa sauti ya chini, "Marehemu kaendesha miaka zaidi ya 30. Hajawahi kula tairi hivi."

Sentensi ile ilinikaa kifuani. Nilikuwa nimetumia mshahara wa miezi kulirudisha gari la Baba kwenye asili yake, na nikalifanya lisiwe la Baba wala la kiwanda.

Kwa hiyo nilianza kusoma. Nilitaka kujua hizi tarakimu za alaimenti zilitoka wapi, nani aliziweka, na kwa nini zilikuwa zimenisaliti.

*

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba tatizo hili ni la zamani kuliko gari lenyewe.

Chombo chenye magurudumu manne kinapokata kona, magurudumu mawili ya mbele hayapiti njia moja. La ndani huzunguka duara dogo, la nje huzunguka duara kubwa. Ukiyalazimisha yote mawili yaelekee upande uleule kabisa, moja litaburuzwa. Katika magari ya farasi ya zamani ekseli nzima ya mbele ilizunguka kwenye msumari mmoja wa katikati. Iliwezekana, lakini chombo kilikuwa chepesi kupinduka.

Mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, alipata njia nyingine: kila gurudumu lizunguke kwenye egemeo lake, na vyuma viunganishwe kwa namna ambayo gurudumu la ndani litakata zaidi ya la nje. Uvumbuzi huo ulisajiliwa London mwaka 1818 na wakala wake, Rudolph Ackermann, Mjerumani aliyekuwa na duka maarufu la picha na vitabu. Mwingereza Erasmus Darwin, tabibu na babu yake Charles Darwin, alikuwa amefikiria jambo kama hilo miongo kadhaa kabla. Lakini leo ukifungua kitabu chochote cha uhandisi wa magari, mpangilio huo unaitwa kwa jina la Ackermann. Jina lilibaki kwa aliyesajili.

Tangu hapo swali la fundi wa magurudumu ni lilelile: yaelekee wapi, yainame kiasi gani, na yazungukie mstari upi. Haya ndiyo majibu matatu ambayo mashine ya alaimenti huyachapa.

La kwanza ni toini. Simama mbele ya gari, tazama magurudumu ya mbele kama unavyotazama nyayo za mtu. Yakielekeza vidole ndani kidogo, ni toini. Yakielekeza nje, ni toauti. Tofauti ya milimita chache inatosha kuamua maisha ya tairi, kwa sababu gurudumu lisiloelekea njia ya gari haliviringiki tu, linajisugua pia. Toauti ikizidi, kingo za ndani ndizo huliwa. Tairi zangu zilikuwa zimeandika jibu hilo wazi, nami sikujua kulisoma.

La pili ni kemba, yaani kuinama kwa gurudumu ukilitazama kwa mbele, kama mtu anayesimama kwa kuegemea ukuta au kinyume chake. La tatu ni kasta, na hili hueleweka kwa baiskeli. Tazama uma wa mbele: haukusimama wima, umelala kidogo kuelekea kwa mwendeshaji. Kulala huko ndiko kunakosaidia mtoto wa mtaani kuachia usukani kwa mikono yote miwili akaendelea kwenda mbele. Gari nalo likipungukiwa kasta hutangatanga, hasa kwenye mwendo.

Katika 504, kiwanda hakikuweka mahali pa kurekebisha kemba wala kasta. Hivyo viwili hutokana na urefu wa springi, hali ya bushi na unyoofu wa bodi. Fundi ameachiwa toini peke yake, anayoirekebisha kwa kuzungusha tairodi. Ndiyo maana mashine ilichapa nyekundu mbili, na vijana wakasema nisijali. Hawakudanganya kwamba hazina pa kushika. Walichoacha kusema ni kwamba nyekundu ile ilikuwa inatoa habari: springi zangu mpya hazikuwa na kimo sawa na zile za zamani.

*

Mguu wa mbele wa 504 una historia yake, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa kwenye barabara zetu.

Earle MacPherson alikuwa mhandisi wa Kimarekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili alipewa na General Motors kazi ya kubuni gari dogo la bei nafuu. Gari hilo, Chevrolet Cadet, halikufika sokoni. Mradi ulifutwa 1947, naye akahamia Ford. Alihama na wazo: badala ya mikono miwili, wa juu na wa chini, shokapu na springi vikae pamoja kama mguu mmoja uliosimama, juu ukifungwa kwenye bodi na chini ukishikwa na mkono mmoja tu. Vyuma vichache, nafasi kubwa ya injini, gharama ndogo. Ford wa Uingereza walilitumia kwenye Consul na Zephyr, zilizoonyeshwa London mwaka 1950.

Miaka 3 baadaye, Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwa chini ya Waingereza, yalianzishwa mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yaliitwa Coronation Safari. Mwaka 1955 Vic Preston na D. P. Marwaha waliyashinda kwa Ford Zephyr. Mguu wa MacPherson ulikuwa na umri wa miaka michache tu sokoni, na tayari ulikuwa umeshinda kwenye vumbi na tope la Afrika Mashariki.

Mwaka 1960 mashindano yakabadilishwa jina kuwa East African Safari. Mwaka huohuo Peugeot wakatoa 404, nayo ikiwa na mguu wa aina hiyohiyo mbele. Mwaka 1963 mvua ilinyesha kiasi kwamba kati ya magari 84 yaliyoondoka, yaliyomaliza yalikuwa 7. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 wakashinda Bert Shankland na Chris Rothwell, tena kwa 404. Shankland alizaliwa Uskoti lakini alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, na watu wazima wa mji ule waliokuwapo bado hulitaja jina lake wakiona Peugeot ya zamani. Mwaka 1968 mvua ikarudi. Yalimaliza magari 7 tena, kati ya 93, na Nowicki na Cliff wakawa wa kwanza tena.

Kisha ikaja 504, iliyozinduliwa 1968 na kushinda Safari 1975 kwa mikono ya Ove Andersson, halafu 1978, ikiwa na injini ya V6, kwa mikono ya Jean-Pierre Nicolas. Nilipopanga orodha ya washindi nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Kuanzia 1963 hadi 1978 kila gari lililoshinda Safari lilikuwa na mguu wa aina ya MacPherson mbele: Peugeot, Ford, Datsun, Mitsubishi. Isipokuwa moja.

Hilo moja ni Volvo PV544 ya mwaka 1965, na dereva wake alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant. Joginder alianzia kazi kwenye ufundi. Volvo ile haikuwa mpya. Kampuni ilikuwa imeitumia kwenye Safari ya 1964, ikaachwa Afrika Mashariki, naye akainunua mkononi. Mtu aliyejua kufungua gari na kulifunga alichukua gari lililochoka, akaliandaa kwa barabara alizozijua, akawashinda waliokuja na magari mapya. Baadaye alishinda mara mbili zaidi, 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer.

Nilivyoendelea kusoma, nilianza kuona pengo katika historia hii. Tunajua majina ya madereva. Tunajua jina la aliyesajili uvumbuzi London na jina la mhandisi wa Detroit. Lakini kila 404 na 504 iliyopita kwenye changarawe ya nchi hizi ilipimwa na mtu, ikapimwa tena baada ya shimo fulani, ikarekebishwa kwa spana ya mtu. Watu hao hawamo kwenye orodha. Kama wapo mahali, basi wamo ndani ya magari yenyewe, kwenye vitu vidogo walivyoviacha humo.

Na mimi nilikuwa nimevitupa.

*

Nilikuja kulijua hilo siku ya Alhamisi, nilipomfikia fundi mara ya kwanza. Jirani ndiye aliyenielekeza kwake. Ni mzee, huenda ana miaka 70, na ni mfupi kiasi cha kuingia chini ya 504 bila kuipandisha sana. Nilimwamkia, akaitikia akiwa ameshaanza kuitazama pua ya gari.

"Hili nalijua," alisema. "La Mwalimu."

Nikamwambia Mwalimu alikuwa baba yangu, na kwamba alitutoka mwaka jana. Akakaa kimya kidogo, akasema pole, mwanangu. Kisha akapima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Upande wa kulia ulikuwa chini kwa milimita 9.

"Zile raba za juu ya springi ziko wapi?"

Nilizikumbuka. Mwezi Februari vijana wa gereji walipotoa miguu ya zamani walikuta vipande viwili vya raba nyeusi, vya duara, vimekatwa kwa kisu, vimewekwa kati ya springi na kikombe chake. Mmoja akacheka, akaniuliza, "Takataka hizi tunazirudisha?" Nilisema hapana. Niliona aibu kidogo kwa niaba ya Baba.

"Tulizitupa, Mzee."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilizikata mimi. Mwaka 89. Ya kulia ilikuwa nene kuliko ya kushoto. Baba yako alikaa kulia kila siku. Wa kushoto walibadilika."

Ili uelewe raba zile sharti uikumbuke miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha 1979 na hazina ya nchi ilikuwa imekauka. Bei ya mafuta ilipanda, bei ya mazao tuliyouza nje ilishuka, fedha za kigeni zikawa adimu. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sembuse springi ya Peugeot. Mwaka 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wakaogopa hata kuonekana na bidhaa waliyoipata kihalali. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, lakini spea za gari la Kifaransa hazikushuka bandarini kwa sababu hiyo peke yake. Ufaransa wenyewe waliacha kutengeneza 504 ya saluni 1983. Gari liliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria, nasi tukawa tunaziendesha zilizokwishaingia.

Fundi alinieleza walivyofanya. Bushi zilichongwa kwenye tairi chakavu za lori, tairi zilezile zilizotoa katambuga. Tairodi endi iliyolegea ilifunguliwa, ikatiwa kikombe kipya kilichochongwa kwa mashine ya kukereza, ikafungwa tena. Springi iliyolala haikubadilishwa, ilinyanyuliwa kwa raba. Na kwa kuwa hakuna kipande kilichokuwa sawa na cha kiwandani, hakuna tarakimu ya kiwandani iliyoweza kuaminiwa yenyewe tu.

"Kitabu cha Peugeot nilikuwa nacho," alisema. "Kitabu kizuri. Lakini kitabu kinasema springi ni mpya, bushi ni mpya, barabara ni ya lami, mzigo ni ule waliouandika wao. Hivyo vinne ukiwa huna hata kimoja, namba ya kitabu unaifanyia nini? Unaanza nayo tu. Halafu unatazama tairi."

Hapo nikaelewa kilichotokea Februari. Vipuri vyangu vilikuwa vipya lakini si vya kitabu. Springi zilikuwa ndefu kidogo, zikanyanyua pua ya gari. Gari lilipimwa siku hiyohiyo, springi zikiwa hazijakaa. Na kulikuwa na kosa jingine ambalo fundi alilipata kwa tochi akiwa ndani ya shimo: bushi za mikono ya chini zilikuwa zimeanza kuchanika, miezi 4 tu baada ya kufungwa.

"Walikaza nati gari likiwa juu ya jeki," alisema.

Bushi ya raba haizunguki kama beringi. Inashikwa ndani na nje, na mkono unapopanda na kushuka, raba yenyewe hujinyonga. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, unaiambia kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari, raba inaanza maisha yake ikiwa tayari imenyongwa, na inalisukuma gari juu. Baada ya wiki kadhaa inachoka, inachanika, pua inashuka. Mkono wa chini na tairodi havina urefu mmoja wala havichori tao moja, kwa hiyo kimo kikibadilika, toini nayo inahama. Mashine haikusema uongo. Ilipima kwa usahihi gari ambalo halikuwapo tena mwezi uliofuata.

*

Ijumaa alifungua mguu wa kulia. Aliibana springi kwa kibanio chake cha chuma, polepole, upande huu na upande ule, akanifukuza nisisimame mbele yake. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Kisha akaniomba ile tairi yangu iliyolika hadi waya. Alikata kwenye ubavu wake kipande cha duara, akakisawazisha kwa kisu, akakipima, akakipunguza tena, akakiweka juu ya springi. Cha kulia tu. Kushoto hakukuwa na haja, kwa kuwa springi mpya zilikuwa na kimo cha kutosha.

Nilimtazama akikifunga. Tairi niliyoiharibu kwa kutaka asili ilikuwa inarudi ndani ya gari kama kile nilichokitupa.

Ndipo ikaja Jumamosi na watu wake.

Bushi mpya zilikuwa zimeingizwa lakini nati zimeachwa legevu. Watu walipokwisha kukaa, na saruji na dumu vikiwa mahali pa Baba mdogo, fundi alilikanyaga bampa la mbele mara tatu ili springi zitulie. Shangazi mkubwa akapiga kelele. Fundi akashuka shimoni, akakaza nati gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote. Kisha tukalisukuma mbele mita chache na kulisimamisha, bila kulirudisha nyuma, kwa sababu gurudumu likirudi nyuma huhama kidogo na kukupa kipimo cha uongo. Upepo wa tairi ulikuwa umekwisha kusawazishwa. Usukani uliwekwa katikati, ukafungwa kwa kamba.

Alisimamisha vyuma vinne kwenye pembe za gari, akavuta uzi wa mwashi kila upande, usawa wa katikati ya magurudumu. Hakupima uzi kwa kulinganisha na ukuta wala mti. Aliupima kutoka kwenye vitovu vya magurudumu, kulia na kushoto, mbele na nyuma, akausogeza hadi nyuzi mbili zikalizunguka gari kwa usawa. Kisha alipima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu ukingo wa nyuma. Nilishika tepu na kusoma. Jumla ilikuwa toauti ya milimita 5.

Kwa kemba alitumia timazi, ileile ya waashi: uzi na kipande cha shaba. Aliining'iniza kando ya gurudumu, akapima pengo la juu na la chini ya rimu. Kulia na kushoto vilitofautiana kwa kiasi kidogo kuliko unene wa uzi wenyewe. Akaniangalia, hakusema kitu.

Tairodi alizizungusha zote mbili kwa kiasi kilekile, robo kwa robo, ili usukani usihame. Alipima, akazungusha, akapima. Aliachia kwenye toini ya milimita 2, akakaza nati za kufungia.

"Kwa nini mbili, Mzee?"

"Gari likienda, barabara inayavuta magurudumu yafunguke. Bushi nazo zinaachia kidogo. Mbili za hapa zinakuwa kama sifuri za kule."

Baadaye nilisoma kwamba wapo watengenezaji wa magari wanaoagiza gari lipimwe likiwa limebebeshwa uzito maalumu, na wengine hutaja kimo halisi ambacho gari liwe nacho wakati wa kupima. Kwa hiyo fundi wangu hakuwa akifanya miujiza ya kienyeji. Alikuwa akifanya jambo ambalo wahandisi wanalikubali, ila yeye uzito wake ulikuwa na tasbihi.

*

Baada ya siku hiyo nimeacha kutumia neno "orijino" kwa wepesi. Kipimo cha kiwandani si siri ya gari wala roho yake. Ni makubaliano kati ya vipuri fulani, mzigo fulani na barabara fulani, yaliyofanywa na watu wenye akili waliokuwa mbali nasi, katika nchi ambako gari hili lilizaliwa likipita kulia. Ukibadilisha springi, makubaliano yamevunjika na sharti yafanywe upya. Baba na fundi walikuwa wameyafanya upya mwaka 1989. Mimi niliyafuta kwa sababu yaliandikwa kwenye raba badala ya karatasi.

Sidai kwamba raba ya tairi ni bora kuliko springi nzuri, wala kwamba mashine ya alaimenti ni upuuzi. Fundi mwenyewe alisema angekuwa nayo angeitumia, tena angefurahi. Ninachosema ni kwamba unapolifungua gari la zamani ukakuta kitu cha ajabu humo ndani, kabla ya kukiita takataka, uliza kwanza kiliwekwa kujibu swali gani.

Nilimuomba fundi aniandikie vipimo. Alichana kipande cha boksi la tairodi, akaandika kwa kalamu ya seremala: *toini 2, kimo sawa, raba kulia*. Chini yake akaongeza: *watu 6*. Nikamuuliza kama naweza kumtaja jina katika ninachokiandika. Akasema hapana, andika fundi tu, wateja waliopo wanamtosha.

Tulipanda Lushoto Jumamosi iliyofuata kwa kisomo cha mwaka cha Baba. Asubuhi ile, tukiwa tunapakia, Baba mdogo alitoka ndani amevaa kanzu, akafungua mlango, akaketi.

"Nimekuja kuchukua nafasi ya saruji," alisema.

Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona zisizokwisha, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, hadi Soni na kuendelea. Gari lilishika njia. Kwenye sehemu chache zilizonyooka niliulegeza mkono mmoja, kisha wa pili kidogo tu, na Mama akaniona kwenye kioo akaniambia nishike usukani, hii si baiskeli.

Tuliporudi Tanga Baba mdogo alishuka wa kwanza. Aliinama kwenye gurudumu la mbele kulia, akapitisha kidole ndani, taratibu, kutoka juu hadi chini. Akaenda la kushoto, akafanya vilevile. Kisha akajifuta vumbi kwenye kanzu, akaingia ndani kunywa chai.